Kiwiko cha Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapotafuta fundi wa kukarabati jiko ni kuanza na bei. Nimelitanguliza hili kabla hata ya kukujulia hali, maana nakujua: ukiliona neno jiko katikati ya barua utaikunja na kuiweka mfukoni mpaka jioni. Sasa umeshalisoma. Hujambo? Kazi ya kukata sare inakwendaje? Mama yako anaendeleaje, na mkono wa kushoto umepata nguvu kidogo? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, nao nimeuzoea kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Barua naituma kiwandani kwenu kwa sababu kwenye simu hatuko wawili. Chumba chenu ni kimoja na masikio ya mama yako hayakupatwa na kiharusi. Sitaki ajue mpaka jiko liwe tayari. Daktari alisema anaweza kurudi nyumbani tukiitengeneza nyumba ifae kwa hali yake, na jikoni ndiko alikoangukia, pale kwenye kidaraja cha kupandia mlangoni. Kwa hiyo naanza na jiko. Likikamilika, atakuja kuliona mwenyewe.

Wamekuja watatu. Wa kwanza nimempa jina la Bwana Picha. Amenionyesha majiko kwenye simu yake mpaka macho yakauma, yote meupe, hakuna hata moja lenye sufuria. Nikamuuliza, "Hili liko mtaa gani, nikalitazame?" Akasema, "Mzee, hizo ni za mfano tu." Wa pili ni Bwana Hakuna Shida. Nilimwambia ukuta wa kati umebeba paa, akasema hakuna shida. Nilimwambia bomba la maji limepita chini ya sakafu, akasema hakuna shida. Nikamwambia, "Bwana, mimi ningependa uone shida kidogo."

Wa tatu ni mwanamke wa makamo. Hakusema mengi. Alitundika kamba yake yenye kipande cha chuma kwenye kila ukuta, akatazama kama ukuta umenyooka, akatikisa kichwa. Mimi humwita Bi Timazi, kwa ajili ya hiyo kamba. Alisema hawezi kuanza mpaka mwisho wa mwezi, ana nyumba ya watu hajaimaliza. Jibu hilo lilinipendeza kuliko picha zote.

Sijachagua bado. Fundi hachaguliwi kwa maneno yake. Huchaguliwa kwa jiko alilojenga zamani, ambalo watu wameshalipikia mpaka likachoka. Nitakwenda kuyaona majiko yao.

Msalimie mama yako, mwambie nakula vizuri.

Baba yako

*

Ijumaa, 15 Machi

Shikamoo Baba,

Barua imefika. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mgongo wako upakwe dawa, usiugeuze mpangaji.

Baba, nimechoka, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka. Kila asubuhi namwogesha Mama, namvalisha, namnywesha chai, nakimbilia kazini. Nakata sare mpaka vidole vinakufa ganzi, narudi, namfanyisha mazoezi ya mkono. Anatembea kwa fimbo kutoka kitandani mpaka dirishani. Kusimama muda mrefu hawezi, miguu inatetemeka. Na wewe unatembelea majiko ya watu.

Kwa nini usiuze nyumba, ukaja kukaa hapa nasi? Nitatafuta vyumba viwili. Mama hatapika tena, Baba. Najua hutaki kulisikia hilo. Na kama ni lazima ujenge, mchukue huyo Bwana Picha, amalize upesi, nasi tujue moja.

Jana aliniuliza, "Baba yako amesema lini natoka hapa?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi anapumzika kusikia mdomo wangu." Tukacheka, halafu akageukia ukutani.

Kumficha ni kazi ya ziada, na mimi kazi ninazo za kutosha.

Mwanao

*

Jumatano, 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta umepata hata usiku mmoja wa kulala. Barua yako nimeisoma mara mbili, na uliyoyasema kuhusu uchovu sibishani nayo. Ni kweli tupu. Umebeba mzigo wa watu wawili, na mimi ninayetakiwa kukusaidia niko mbali, vumbi kichwani.

Lakini nisikilize kidogo. Nimekwenda kuona kazi zao. Bwana Hakuna Shida alinipeleka kwenye nyumba mpya ambayo haijahamiwa. Jiko zuri sana, kwa kuwa halijamwagikiwa hata na maji. Bi Timazi alinipa anwani za nyumba za zamani, akaniambia niende bila yeye. Katika nyumba moja nilimkuta bibi wa rika langu akisugua sufuria. Nikamuuliza kabati zinafungaje. Akafungua mlango, akauachia, ukajifunga wenyewe taratibu. "Miaka yote hii," akasema, "na wajukuu wanaupiga mateke." Nikamuuliza ubaya wa fundi yule. Ukitaka ukweli, muulize mtu ubaya wa fundi wake, wema atakwambia bila kuulizwa. Akasema, "Anachelewa. Na ukibishana naye anakunja kamba yake anakwenda zake."

Nimemchagua. Ameanza juma hili. Kidaraja cha mlangoni kimeondolewa, mlango umepanuliwa ili mtu mwenye fimbo apite bila kujikunja, na jiko la zamani limebomolewa lote. Sinki linaletwa karibu na moto, mama yako asibebe maji. Vyombo vya kila siku vitakaa chini, si juu.

Kitu kimoja kilinifurahisha. Bi Timazi hajengi kaunta ya kimo cha dukani. Humpima mpishi. Akaniuliza, "Mwalimu, mpishi ni nani hapa?" Nikamwambia, tangu mke wangu augue, mpishi ni mimi, uji na maharage, maharage na uji. Akanisimamisha wima kama niko gwarideni, akapima kutoka sakafuni mpaka kiwiko, akaandika kwa chaki ukutani. Mimi niliyefundisha hesabu maisha yangu yote, sikuwahi kufikiri kwamba kiwiko kinajenga nyumba.

Kuhusu kuuza, tutazungumza. Kwa sasa nivumilie. Na usimwambie.

Baba yako

*

Alhamisi, 2 Mei

Shikamoo Baba,

Najua nimekaa kimya. Simu zako niliziona. Sikuwa na cha kusema ambacho Mama hangekisikia.

Amejua. Jirani yenu wa mbele alimpigia kumpa pole, akamwambia jiko limevunjwa na kuna mwanamke anaingia na kutoka kila siku, ana futi na ufunguo. Mama alimshukuru vizuri sana. Akaweka simu chini, akaniambia, "Baba yako amebomoa jiko langu. Ameshapata wa kumpikia." Nilijaribu kumweleza kwamba yule ni fundi. Akasema, "Basi na wewe ulikuwa unajua."

Tangu siku hiyo hafanyi mazoezi. Mkono anauacha juu ya mapaja kama mzigo wa mtu mwingine. Begi lake, lile alilokuwa ameliweka karibu na mlango tangu alipofika, amelisukuma chini ya kitanda.

Nitakuambia jambo, usinichukie. Mwanzoni niliona nafuu. Nilisema, sasa hataulizia tena kurudi, utauza, utakuja, nitapumzika. Ndivyo uchovu unavyomfanya mtu.

Halafu juzi nimerudi kazini, nimefungua mlango, nasikia harufu ya kitunguu. Mama amekaa kwenye kile kigoda changu cha kushonea, ubao wa kukatia uko mapajani, mkono mbovu umekibana kitunguu, mkono mzima unakata. Vipande vikubwa, vimekaa hovyo, lakini vimekatwa. Nikasema, "Mama, si ungetumia kaunta?" Akatazama kaunta yangu, inamfika kidevuni akikaa. Akasema, "Hili jiko lako limejengewa twiga."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka barua yako. Baba, mimi napima watu kutwa nzima, mabega, viuno, urefu wa mikono. Wewe umefundisha vipimo maisha yako yote. La huko limejengewa nani?

Mwanao

*

Alhamisi, 9 Mei

Mwanangu,

Hujambo wewe, hajambo huyo mwenye kigoda? Siwezi kukuchukia kwa kuchoka.

Barua yako niliisomea jikoni, kiwiko changu kikiwa juu ya mbao za kaunta. Kimekaa sawasawa kabisa. Nikavuta kiti, nikakaa. Mbao zikanifika kidevuni.

Niliikumbuka miguu yake mlangoni, nikaisahau mbele ya moto. Nilipoulizwa mpishi ni nani nikajitaja, kwa sababu mwenyewe nilikuwa nimemficha, na mtu uliyemficha huwezi kumwita aje apimwe. Nilikuandikia kwamba kosa ni kuanza na bei. Nilikuwa nafundisha somo la pili, la kwanza nimeliruka.

Nilimweleza Bi Timazi. Alikuwa tayari kuagiza jiwe la juu ya kaunta likatwe. Akasema, "Mwalimu, nilikuuliza." Nikasema ndiyo, uliniuliza. Nikadhani atakunja kamba yake aende zake. Badala yake akang'oa mbao, akafuta ile namba ya chaki kwa kiganja, akaacha ukuta mtupu. Anataka kujenga kaunta ya chini, yenye uwazi kwa ndani ili magoti yaingie. Sehemu fupi ya kimo changu itabaki pembeni, kwa ajili ya maharage yangu. Amesema hagusi kitu mpaka apate kipimo cha mwenye jiko. Watu wa jiwe hawatamsubiri sana.

Huenda akakataa kurudi. Ana haki, nami sitauza wala kumaliza bila neno lake. Kwa hiyo fanya hivi, leo, ukitoka kazini. Mpe barua zangu hizi zote azisome mwenyewe. Akimaliza, mwambie mumewe anaomba kipimo. Akikubali, mketishe kwenye kiti kinachomfaa, si kigoda, mpe kisu na kitunguu, na anapoanza kukata, pima kutoka sakafuni mpaka kiwiko.

Baba yako