Nani Aandike Tanzia Yangu

Mtaa wa Kanisa, nyumba ya pembeni,
Lund Prairie, Iowa.
9 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Merlyn,

Pokea salamu za dada yako, kutoka kwenye kiti cha dirishani ambacho siku hizi ndicho nyumba yangu. Hujambo? Goti lako limekubali ngazi, au bado Darlene ndiye anayepanda kukuletea soksi? Na sukari yake, imetulia? Nilisikia moshi wa misitu inayoungua umewatesa huko Idaho kiangazi kizima. Natumaini mvua imewahurumia.

Mimi nimechoka, Merlyn. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Moyo unafanya kazi kama ile pampu ya kisima cha baba, mara maji, mara hewa tupu. Muuguzi anakuja hapa nyumbani, si kunitibu tena bali kunipunguzia maumivu. Maana yake unaijua. Mwanangu Karin anadhani mimi siijui.

Naandika kwa vituo, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Kiangazi nilikuwa bado nakwenda maktaba, kwenye kikundi chetu cha kusoma vitabu. Tulikubaliana kusoma wasifu wa rais yule. Unajua ni yupi. Ndiye aliyetugombanisha ukainuka mezani kwangu siku ya Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga hajakatwa bado, na tangu hapo hujakanyaga tena kwangu.

Hakuna aliyesema tusome wasifu upi. Wala hakuna aliyeuliza. Watu wa hapa unatujua: ukimwuliza mwenzako anasoma kitabu gani juu ya mtu yule, umemwuliza alimpigia nani kura, na hilo haliulizwi. Basi kila mtu akaenda kimyakimya akajitafutia chake.

Siku ya mjadala Arlo Tveit, yule aliyekuwa na ng'ombe wa maziwa, akaanza kueleza alivyoguswa na habari za utoto wa rais. Verna, mwenzetu kikundini, akamwuliza utoto gani, maana yeye aliuona ukurasa mmoja tu.

"Umeruka kurasa, Verna."

"Sijaruka. Mimi sisomi huku nakoroma kama watu fulani."

Tukaendelea hivyo kwa adabu, kila mmoja akidhani mwenzake hakusoma, mpaka mtunza maktaba akatuomba tuweke vitabu mezani. Vilikuwa viwili tofauti. Jalada la kimoja rais anatabasamu, jalada la kingine amekunja uso.

"Kumbe tumegombana juu ya watu wawili," Arlo akasema, na wote wakacheka, wakaenda kumalizia keki za limau. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimechoka ghafla.

Nikaazima vyote viwili. Nikavisoma pamoja, sura kwa sura, kimoja kila paja. Siku ileile, chumba kilekile: mwandishi huyu anasema rais alinyamaza kwa kiburi, yule anasema alinyamaza kwa huzuni. Wote wana mashahidi. Sidhani kama kuna aliyedanganya. Ila kila mmoja alikwisha kuamua kabla hajaketi kuandika, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwuliza mtu wa upande wa pili.

Sasa nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Kile kitabu ambacho wewe ungekichagua kilinifanya nimwonee huruma mtu yule. Usifurahi, kura yangu iko palepale. Lakini nilipokifunga nilikuona wewe, umesimama kando ya gari lako siku ile, kofia mkononi, huondoki na hurudi. Kila aliyeniuliza nilimwambia uliondoka kwa kiburi. Mimi pia nilikuwa nimekwisha kuamua.

Wiki jana Karin alinisomea tanzia yangu. Ameiandika mapema, kama tufanyavyo, ili gazeti lisicheleweshwe. Inasema nilikuwa mpole, nilipenda mawaridi, nilipendwa na wote.

"Nani huyu aliyekufa?" nikamwuliza.

Alicheka, kisha akaenda jikoni, nikasikia maji ya bomba yakitiririka muda mrefu. Ni binti mwema. Lakini haikusema kwamba nilimsahihisha mchungaji tarehe katikati ya mahubiri, wala kwamba wanafunzi wangu wa historia waliniogopa kuliko mbwa wa polisi. Na wewe umo mwishoni, mstari mmoja: ameacha mdogo wake, Merlyn, wa Idaho. Basi.

Nikamwambia nataka wewe ndiwe uiandike.

"Mjomba Merlyn? Mama, atakuandika vibaya."

"Ndiyo maana."

Karin ananijua kwa jalada la tabasamu. Wewe unalijua la pili, na ulinijua zizini kwa baba kabla sijajifunza kujipanga mbele ya watu. Ila sitaki uandike kwa unavyokumbuka tu. Nataka uje uniulize. Uniulize kwa nini nilisema yale niliyosema mezani, mbele ya wanao. Nami nikuulize ulikuwa unangoja nini pale kando ya gari. Nadhani ulikuwa unangoja nitoke. Sitaki kufa nikidhani tu.

Asubuhi baada ya dawa huwa naweza kuzungumza vizuri kidogo. Mchana huwa nimekwisha. Usingoje Sikukuu, Merlyn. Karin atakupokea uwanja wa ndege, na ameshatandika chumba cha juu. Kama goti litakataa, kuna kochi. Kuhusu rais tunaweza kunyamaza, au tukagombana kidogo asubuhi, nikiwa na pumzi.

Nisalimie sana Darlene, umwambie nimemkumbuka na mapishi yake. Wasalimie Todd na Jolene, na watoto wao ambao sijawaona. Arlo anakusalimu, anasema bado una jeki yake. Mungu akulinde barabarani na angani, akupe moyo laini kuliko wangu.

Na kama utanikuta nimeshaondoka, iandike hivyohivyo, kwa ukali wote unaotaka. Lakini uandike pia kwamba ulikuwa njiani.

Ni mimi dada yako, ambaye hakuacha kukupenda hata alipokaa kimya,

Solveig