Kwa Nini Wimbo wa Nne Hauna Maneno

Mpendwa mjukuu wangu Kemunto,

Natumaini baridi ya huko ugenini imepungua na unakula vizuri. Sisi hapa Nyakoe tu wazima. Majani chai yamechipua vizuri baada ya mvua, na babu yako anakusalimu sana.

Umeniuliza kwa nini wimbo wa nne katika santuri yetu hauna maneno. Maneno yalikuwepo, mwanangu. Niliyatunga mimi kwa ajili ya mama yangu, ambaye tulikuwa tumemzika Nyamache mwezi huohuo. Tulipoingia studio kule Nairobi, kila nilipoanza kuimba sauti ilikatika. Mara ya tatu fundi wa mitambo akasema, "Huu tuuache, dada. Twende kwa mwingine."

Wakati huo babu yako alikuwa mpiga gitaa wetu tu, tena mgeni katika bendi. Akasema, "Tusiuache. Moraa, simama hapa mbele yangu, uyatamke maneno kwa midomo bila sauti. Mimi nitayapiga."

Nikafanya hivyo. Alinitazama mdomoni, na kila nilipovuta pumzi naye akazipumzisha nyuzi. Sikujua kwamba mtu anaweza kukusemea bila kukunyang'anya maneno yako.

Usikilize tena wimbo huo. Karibu na mwisho gitaa linanyamaza kidogo, na watu hudhani ni madoido. Hapo nilishindwa hata kufungua mdomo, naye akaningoja.

Nyanya yako akupendaye,
Moraa