Wamekufutia Boko

Baba Neema,

Nimekasirika, na kwa vile hukupenda ninune kimyakimya, nakueleza.

Juzi tumekuzika. Kanisani mdogo wako Elia akasimama na karatasi, akasoma wasifu wako. Kuzaliwa, shule, ukarani wako Kurasini, sawa. Akafika kwenye ugonjwa: "Aliuguzwa nyumbani kwake Tabata, akizungukwa na ndugu, mpaka mwisho." Nyumbani! Ndugu gani? Na mie nimekaa mbele na kitenge changu cheusi, nimefunga mdomo kama mjinga.

Nyumbani paliisha siku ile uliyovaa tai na ndala ukatoka kwenda kwenye kazi uliyostaafu zamani. Tulikukuta Kurasini, katikati ya malori, unagombana na dereva akupe nyaraka. Nilipokushika ukanisukuma, nikavunjika mkono. Hukujua ni mimi. Ndipo nikakupeleka kwenye makao ya wazee Boko, nalia njia nzima. Elia akanipigia simu: "Shemeji, umemtupa kaka yetu." Mwaka mzima na zaidi hakukanyaga kule. Hata ulipokuwa nyumbani hakuja kukuogesha siku moja! Leo anaionea aibu Boko, anaifuta, na mie ananifuta humohumo.

Na wewe pia nina hasira na wewe. Nyumbani ulitema kila kijiko nilichokulisha. Kule ukawa unamaliza sahani, unamchekea muuguzi, mie nimekaa pembeni na chupa yangu ya uji. Iliniuma, baba. Iliniuma sana. Halafu narudi Tabata kulala peke yangu, mume ninaye na sinaye, na majirani wananiuliza lini nitakurudisha.

Lakini nilikuja. Kila Jumanne, kila Alhamisi, kila Jumapili baada ya ibada. Nilikukata kucha, nilikupaka mafuta miguuni. Ulipokata roho ulikuwa umeshika mkono wangu. Hayo hayakusomwa.

Siku ya arobaini mjane hupewa nafasi ya kutoa shukrani. Wanategemea niwashukuru ndugu, nilie kidogo, nikae. Thubutu! Nakuahidi nitataja Boko mbele ya wote. Nitawashukuru wauguzi wako mmoja mmoja kwa jina. Nimeshawaalika, watakaa viti vya mbele, vya ukoo, na Elia ndiye nimempangia kazi ya kuwapokea mlangoni.

Pumzika, mume wangu. Kwaheri.

Mkeo,
Mama Neema