Nilimwambia karani tumeelewana

Shoga, usinipigie, nikisikia sauti yako nitalia. Soma tu.

Mdogo wangu amepoteza ule ufadhili wa chuo kikuu, ule aliopewa kwa alama zake. Nimempotezea mimi.

Yeye alikuwa ameenda kupigwa picha ya kitambulisho. Nikabaki peke yangu kwenye dirisha la usajili pale chuoni, kama mlezi wake. Karani akaniambia, "Dada, kwenye udaktari imebaki nafasi moja. Akihamia huko ufadhili haumfuati, ule ni wa wanaosoma hesabu tu. Ahame?"

Mimi nikasikia udaktari. Udaktari, shoga. Mengine aliyasema mbiombio, nimekuja kuyaelewa baadaye, na nyuma yangu watu wanaguna. Nikaona aibu kumwomba arudie. Akauliza, "Tumeelewana?" Nikajibu, "Tumeelewana."

Eti tumeelewana. Mimi niliyeishia darasa la nne.

Mdogo wangu anarudi, ufadhili umeshapewa msichana aliyefuata kwenye orodha. Karani akamwambia, "Mlezi wako mwenyewe amekubali." Na ada ya udaktari, hata nikifua nguo za mtaa mzima, siifikii.

Hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Alimwambia karani, watu wote wakisikia, "Dada yangu hana kosa, mimi ndiye niliyemtuma."

Sasa hivi yuko uani, anafua mashuka ya wateja wangu. Hajui kukamua, maji yanachuruzika tu kwenye kamba. Nimesimama mlangoni, nimeshindwa hata kumwelekeza.