Chui wa Ruma na Kovu la Kidevu Changu

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla sijarudi chini ya kisu, maana mimi ambaye soko lote la Ogwedhi linanijua, niliyewahi kuangusha fahali kwa mkono mmoja huku ule mwingine umeshika soda, na soda haikumwagika, siku hizi natetemeka mpaka kijiko kinagonga meno.

Zamani kidevu changu kilikuwa chembamba, na madalali wenzangu wa ng'ombe waliniita nyako, yaani msichana, mnunuzi akija anauliza mwanaume wa kuongea naye yuko wapi nami nimesimama hapo hapo, basi mwaka wa tisini na tatu, Nyangi tayari ni mke wangu, nikaaga naenda kutafuta ng'ombe, kumbe naenda Nairobi kwa daktari wa kutengeneza sura, akanipasua chini ya kidevu, akatia kipande cha plastiki ngumu, akanipa taya la mwanaume, na alikiri mwenyewe hajaona mfupa kama wangu, sindano mbili zilipinda. Nyumbani nikasema chui wa mbuga ya Ruma alinirukia karibu na Magunga nikamnyonga. Nyangi alikiosha kidonda akilia, na mpaka leo watoto wakiniona wanasimama.

Sasa kovu limenenepa kama kiwavi, linawasha, linavuta ngozi, hata kunyoa siwezi. Wangwe, anayepasua majipu ya ng'ombe hapo sokoni, ananiambia, "Omera, ndugu yangu, lete hiyo kidevu, ng'ombe wenyewe hawalii!" lakini ndiye aliyemkata dalali mwenzetu Mayaka kovu la sikio, likarudi kubwa kuliko sikio. Kuna daktari wa upasuaji Homa Bay, ila Nyangi anasema, "Baba Robi, tutaingia pamoja. Akiuliza, habari ya chui nitasema mimi, wewe huwa unajishusha." Nikitaja plastiki mbele yake nitakuwa nyako tena. Je, niliache tu kovu? Mimi niliyemaliza chui wawili naogopa wembe.

Mjomba, Uriri

Mjomba,

Pole kwa hofu. Lakini barua yako inaanza na chui mmoja na kuisha na wawili. Ukifika Homa Bay watakuwa kundi.

Unaogopa kuchekwa, wakati hatari iko kwingine. Daktari akiamini chui wako, atakata bila kujua kuna plastiki chini ya ngozi. Kisu kikiigusa na uchafu ukaingia, unaweza kukipoteza kidevu chote. Mwambie alikupasua nani, mwaka gani, alitia nini. Makovu ya namna hii yakikatwa ovyo hurudi makubwa zaidi. Huenda akaanza na sindano za kulilainisha, huenda akasema lisiguswe kabisa. Msikilize. Na Wangwe abaki na ng'ombe wake. Mayaka hakukutosha?

Sasa Nyangi. Mtu mzima, unadhani aliyekiosha kile kidonda hakuona nyuzi? Tangu lini chui akashona? Huenda ni miaka yote hii anakungojea useme. Mwambie nyumbani, kabla hamjatoka, asije akaapa mbele ya daktari kwa ajili ya uongo wako.

Unaogopa atakuona nyako. Mjomba, kidevu alichoolewa nacho ni kile cha kwanza, na hakukimbia.

Chui mwache Ruma. Nenda na mkeo.