Mgongo wa Baba Yako

Mwanangu Evodio,

Riwaya yako imefika, na mji mzima wa Tapalpa umeiona. Refugia muuza mikate ya tortila akauliza, "Mbona mzee wa jaladani hana uso?" Nikamjibu, "Wewe unao, nani kaupiga picha?"

Baba yako alijitambua kwenye picha ya jalada: ndiye yule uliyempiga picha akikupa mgongo siku ulipoondoka. Miaka sita hajatamka jina lako. Nikamsomea ukurasa wa kwanza, polepole kama nijuavyo, pale mzee anapogeukia ukuta ili mwanawe asimwone akilia.

"Rudia, mke wangu."

Nikarudia mara tatu. Kisha akavaa kofia yake mpya. "Mwandikie Evodio aje na kamera. Safari hii nitageuka."

Njoo, mwanangu. Kofia hataki kuivua.

Mama wa mwandishi,
Hermelinda