Uzito wa Direkta

Panda, Likasi, tarehe 12 Mei 2024

Mwanangu Jaël,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kolwezi, na kazi ya zahanati inakwenda. Mimi ni mzima. Masikio ni yale yale, ndiyo maana nakuandikia. Ukipiga simu nasikia mvumo tu, nami najibu ndiyo, ndiyo, kumbe umeniuliza nimelala saa ngapi. Kassim dereva amekubali kukuletea bahasha mkononi kila anapopita huko, na majibu yako atayabeba yeye.

Habari ni za mbwa. Direkta amenenepa, na si unene wa kawaida. Ngazi mbili za baraza zimemshinda. Anaweka miguu ya mbele juu, anafikiri, halafu anarudi chini kulala. Unakumbuka marehemu mama yako alimpa jina hilo kwa sababu, kama direkta wa kampuni, hakuwa anasimama mgeni akiingia. Sasa hata akitaka kusimama ni kazi. Étienne, yule daktari wa mifugo, alipita Jumanne akamtafuta mbavu kwa vidole, hakuzipata. Akaniambia, akipaza sauti ili nisikie: "Papa Théodore, hii imbwa ikibakia hivi, moyo yake itasimama. Inapashwa kupunguza kilo tano ao sita."

Sitaki afe mwaka huu. Nyumba hii imetoa mtu mwezi wa Januari, inatosha. Wewe unajua mambo ya chakula na uzito. Niambie nimpe nini.

Baba yako

*

Kolwezi, tarehe 20 Mei 2024

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na Direkta pia. Barua yako nimeisoma kazini nikiwa nimesimama. Mimi ni mzima. Nalala, naamka, napima watoto wachanga, narudi nyumbani. Watu wananiuliza naendeleaje tangu mama afariki, nawajibu naendelea vizuri, na wala si uongo, kwa sababu sisikii kitu chochote ndani. Sijalia tangu makaburini. Nimeona nikuambie wewe, maana wengine hawataelewa.

Sasa mbwa. Bukari ya unga wa mahindi, apate ya ukubwa wa ngumi yako asubuhi, na ngumi nyingine jioni, basi. Mchanganyie majani ya lengalenga au boga lililochemshwa, bila chumvi, bila mawese, na usitie kitunguu kabisa, kinawaumiza mbwa. Ndakala, wale dagaa wakavu, wachache, uwaoshe kwanza chumvi itoke. Ngozi ya kuku, hapana. Mkate wa chai, hapana, hata akikutazama vile anavyotazama. Asubuhi utembee naye mpaka kwenye mashine ya kusaga ya Idriss, polepole, mrudi. Na asipungue haraka, kupungua haraka ni ugonjwa.

Kila mwezi mpime, uniandikie. Na uniambie alikuwa anakula nini mpaka akafika hapo.

Mtoto wako,
Jaël

*

Panda, tarehe 2 Juni 2024

Mwanangu Jaël,

Salamu tena kutoka kwetu wawili. Hapa baridi ya asubuhi imeanza, vumbi nalo limeanza. Afya yangu ni nzuri, natumaini yako pia.

Kuhusu kutosikia kitu ndani, nimekuelewa.

Umeniuliza Direkta alikuwa anakula nini. Alikuwa anakula kinachobaki. Mama yako alipoanza kushinda kitandani, alinielekeza kupika kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi: makopo mawili ya unga, maji mpaka kwenye ule mkwaruzo wa sufuria. Hiyo ndiyo hesabu ninayoijua. Bado napika hivyo. Nakula, kingine kinabaki, mbwa anamaliza. Kutupa bukari siwezi.

Uzito tumeupima. Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye mizani ya malori pale Kakontwe, siwezi kushindwa na mbwa. Kazi ni ile ile uliyokuwa unaiona ukiniletea chakula ukiwa mdogo. Lori na mawe yake ni bruti. Lori tupu ni tara. Ukitoa tara kwenye bruti unapata neti, mzigo wenyewe. Direkta hakubali kusimama juu ya mizani peke yake, anashuka. Kwa hiyo mimi ndiye lori. Nasimama juu ya mizani ya magunia ya Idriss, Idriss anamnyanyua Direkta na kuniwekea mikononi. Idriss alisema, "Huyu hapana imbwa, ni kanapé ya kukalia."

Bruti 90. Tara 67. Neti 23.

Nimeandika kwenye daftari, mistari mitatu, kama zamani.

Baba yako

*

Kolwezi, tarehe 11 Juni 2024

Baba,

Natumaini uko salama. Mimi niko salama. Samahani barua ni fupi, tuna zamu mbili mbili, wenzangu wawili wako likizo ya uzazi.

Nimefurahi kuona bruti na tara. Ni kama nimekiona tena kile kibanda cha bati ulichokuwa unakaa, na dirisha lake dogo. Kwa makopo, jibu ni rahisi: pika kopo moja. Uko peke yako, baba. Kopo moja linakutosha wewe na ngumi mbili za Direkta.

Umeandika kwa adabu bila kuniuliza nitakuja lini, kwa hiyo nitajibu mwenyewe. Siwezi sasa. Si kazi tu. Siwezi kuingia kwenye lile jiko nikakuta hayupo. Nisamehe.

Mtoto wako,
Jaël

*

Panda, tarehe 7 Julai 2024

Mwanangu Jaël,

Salamu. Mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi. Huna kosa la kusamehewa. Jiko lenyewe halina mengi ya kuona.

Nilijaribu kopo moja. Unga kidogo hivyo haushikani, mwiko unagonga chini ya sufuria. Nikasimama pale muda, nikaongeza la pili. Lakini ngumi za Direkta hazijazidi. Nampimia mbele ya macho yake, na lengalenga, na boga. Kila asubuhi tunakwenda mpaka kwa Idriss na kurudi. Yeye anapumzika mara tatu njiani, nami napumzika naye.

Bruti 87. Tara 67. Neti 20.

Kilo tatu zimekwenda. Étienne atafurahi. Jambo moja nalishangaa: mwezi huu nimeona taabu zaidi kumshika pale juu kuliko mwezi uliopita, mikono ilitetemeka. Idriss anasema mbwa akipungua mafuta anakuwa mfupa mtupu, na mfupa ni mzito. Sijui alikosoma hayo.

Mama yako angecheka. Nimewaza hivyo halafu nikangoja nione kama nitasikia kitu. Hakuna.

Baba yako

*

Panda, tarehe 18 Agosti 2024

Mwanangu Jaël,

Zimepita wiki sita sijapata barua yako, lakini Kassim ameniambia amekuona, uko mzima, una kazi nyingi. Hilo linatosha. Kwetu hakuna ugonjwa.

Kazi imekwisha. Leo baada ya misa tumepima.

Bruti 84. Tara 67. Neti 17.

Kilo sita, sawasawa na alivyotaka Étienne. Nilimwita aje kumwona. Alimzunguka mbwa mara mbili, akamshika tena mbavu, akakuna kichwa. Alisema, "Papa, labda hiyo mizani ya Idriss inadanganya." Nikamwambia mizani hiyo nimeirekebisha kwa mkono wangu, na gunia la kilo hamsini linasoma hamsini. Ni kweli ngazi za baraza bado hazipandi. Atakuwa amezoea kulala chini.

Kassim amempiga picha Direkta kwenye simu yake akiwa miguuni pangu, nimemwambia akuonyeshe, ujionee matunda ya masomo yako.

Baba yako

*

Kolwezi, tarehe 24 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shukrani kwa barua, na nisamehe kwa wiki sita. Picha nimeiona. Nimemwomba Kassim anitumie, nimeitazama tangu jana.

Direkta ni yule yule. Tumbo lake liko kwenye sakafu. Huyo si mbwa aliyepoteza kilo sita, baba, huyo hajapoteza hata moja. Lakini pembeni ya picha kuna mkono wako umemshika shingo. Saa yako ile ya mkanda wa chuma, iliyokuwa inakubana mpaka inaacha alama, imeshuka mpaka kwenye vidole.

Nina swali moja tu. Hapa zahanati mtoto akikataa mizani tunampima akiwa mikononi mwa mama yake, halafu tunampima mama peke yake. Siku ile ile. Kila mara. Hatuchukui uzito wa mama wa mwezi uliopita, kwa sababu mama naye anabadilika.

Hiyo tara ya 67 uliipima lini?

Mtoto wako,
Jaël

*

Panda, tarehe 1 Septemba 2024

Mwanangu Jaël,

Nakusalimu. Natumaini hujambo.

Tara ya 67 ni ya Noeli. Unakumbuka tulikwenda kwa Idriss kuchukua unga wa sikukuu, wewe na mama yako mkapanda mizani kwa kucheka, mkanipandisha na mimi. Wewe 63, mama yako alikuwa ameshaanza kupungua, 58, mimi 67. Kule Kakontwe lori tupu tulikuwa tunalipima mara moja kwa mwaka, tunaandika tara yake kwenye mlango kwa rangi nyeupe, na mwaka mzima tunatoa namba ile ile. Nikafanya hivyo hivyo. Haikunijia kwamba na mimi nina la kupimwa.

Jana nimekwenda kwa Idriss bila mbwa. Nimepanda peke yangu.

Tara 55.

Basi hesabu nimezirudia, 84 toa 55. Neti ni 29. Direkta ana kilo ishirini na tisa, na nadhani ndizo alizokuwa nazo tangu mwezi wa tano. Aliyepungua ni lori.

Nitakuambia na lililobaki, maana utauliza. Ngumi zake nampimia kweli. Lakini nikikaa mezani na sahani yangu anakuja kuniwekea kichwa juu ya goti, nami namega moja, mbili, nampa, mpaka sahani inakwisha. Sifanyi kwa kumhurumia. Sina njaa. Chakula nikikiweka mdomoni ni kama karatasi. Si kwamba nalia, wala silali vibaya. Sina njaa tu. Mama yako alikuwa ananiambia kila jioni, "Théodore, weye kula kwanza, imbwa itangoya." Hakuna mtu mwingine anayesema hivyo, nikaona hakuna haraka.

Usiwe na hofu. Kwa Étienne nitasema nilikosea hesabu.

Baba yako

*

Panda, tarehe 22 Septemba 2024

Mwanangu Jaël,

Salamu nyingi. Hii ni barua ya pili bila jibu. Kassim anashuka garini, namtazama mikono, haina kitu. Nimemuuliza kama umekasirika, akasema, "Hapana kasirika, Papa. Alisoma, akaniuliza kama weye uko unatembea muzuri."

Kama nimekutia aibu, mimi mtu wa mizani nimeshindwa na tara, basi ni kweli, nimeona aibu na mimi. Kama umeogopa, usiogope. Nilipima tena Ijumaa: 55. Sijaongezeka, sijapungua. Nimejaribu kumfungia mbwa nje wakati wa kula, lakini anakwaruza mlango, na mimi naketi mbele ya bukari ya watu wawili namsikiliza. Hiyo sauti nasikia vizuri, sijui kwa nini.

Niandikie hata mstari mmoja.

Baba yako

*

Kolwezi, tarehe 25 Septemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Sijakasirika. Nisamehe kwa kukuacha ungoje.

Siku Kassim aliponiletea ile barua ya tara nilikuwa kazini. Alikuja mama mmoja na mtoto wa miezi saba asiyetaka kukaa kwenye mizani. Nikampandisha mama na mtoto, nikaandika. Nikamchukua mtoto, nikampima mama peke yake, nikaandika chini yake. Ilibaki kutoa tu. Nikashindwa, baba. Nikakaa sakafuni na mtoto wa watu mapajani nikalia mbele ya foleni nzima, mpaka yule mama naye akaketi akanishika mabega. Nilimlilia mama, miezi yote minane kwa mara moja, halafu nikakulilia wewe ukiwa hai. Nimeogopa sana. Baada ya hapo sikuweza kuandika, nilikuwa nikianza tu naanza tena kulia, na kwenye karatasi ungeona.

Nimeomba ruhusa, wamenikatalia mara mbili, jana wamenipa siku kumi. Nakuja Jumamosi hii na gari la Kassim, tutafika Panda kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kuliona lile jiko bado sitaki. Nakuja hivyo hivyo.

Direkta umpe ngumi yake na lengalenga, halafu umtoe nje. Akikwaruza mlango tutamsikia wote wawili. Atangoja tumalize.

Na lile la kopo moja nilikosea. Jumamosi upike makopo mawili.

Mtoto wako,
Jaël